Keki Italiwa, Picha Itabaki



Leo sitaandika juu ya kufunga wala juu ya vita vya kiroho. Nataka kuzungumza nawe kuhusu picha za harusi. Najua kuna atakayesema, "Pasta ameishiwa na ujumbe." La, sijaishiwa. Juzi mume na mke vijana niliowafungisha ndoa mwaka jana waliniletea albamu yao ofisini. Nilipoifungua nilinyamaza kwa muda mrefu, hadi yule dada akaniuliza, "Pasta, kuna kitu kibaya?" Hakukuwa na kitu kibaya. Nilikuwa nakumbuka harusi yangu.

Msimu wa Agosti na Desemba unakuja. Kamati za harusi zimeanza kukutana baada ya ibada, na simu zetu zimejaa makundi ya WhatsApp ya mchango. Kwa hiyo nisikilize, wewe unayepanga, na wewe mzazi, na wewe mwanakamati unayeshika daftari la ahadi.

Fungua Biblia yako, Yoshua sura ya 4. Israeli wamevuka Yordani mguu mkavu. Mungu anamwambia Yoshua achague watu 12, mmoja kutoka kila kabila, wachukue mawe pale katikati ya mto ambapo miguu ya makuhani ilisimama. Kwa nini? Ili siku moja mtoto akiuliza mawe haya ni ya nini, mzazi awe na la kumsimulia. Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, yalikuwa mawe ya kawaida ya mtoni. Hayakuwa dhahabu. La pili, kazi ya kuyachukua haikuachiwa bahati. Watu walichaguliwa, wakaambiwa wachukue nini, wapi na kwa nini. Ukumbusho wa Mungu haukuwa ghali, lakini ulipangwa. Shika hilo.

Mimi na mama mchungaji tulifunga ndoa Desemba 2006, katika kanisa la mabati nje kidogo ya mji wa Kitale. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, sina mshahara, nina suti moja. Kamati ilijitahidi sana. Tulikuwa na keki ya ngazi nne. Tulikodi gari la bi harusi kutoka mjini, likapambwa utepe hadi kwenye magurudumu. Tulipofika kwenye mpiga picha, mwenyekiti wa kamati akauliza kama tunaweza kupunguza hapo. Nikajibu haraka, "Hapo hatuna shida. Nina rafiki tuliyesoma naye, ana kamera." Watu wakapiga makofi. Nikajiona mwenye hekima.

Rafiki yangu alikuja na moyo safi na filamu mbili za picha 36 kila moja. Hakuwa amewahi kupiga harusi. Filamu ya kwanza haikushika vizuri ndani ya kamera. Alipiga akavuta, akapiga akavuta, na filamu ilikuwa imekaa palepale. Viapo, pete, wazazi kutuwekea mikono na kutuombea, vyote alivipiga, na hakuna kilichoingia. Filamu ya pili alipiga ndani ya hema bila flashi. Studio ya mjini ilipotusafishia, tulipata sura nyeusi zenye meno meupe. Simlaumu hata leo. Kosa ni langu. Nilimpa mtu kazi ambayo sikuuliza kama anaiweza, kwa sababu tu ilikuwa bure.

Picha moja ilisalimika, na si yake. Mnawakumbuka wale wapiga picha waliokuwa wakisimama nje ya kanisa, wanapiga watu bila kuitwa, halafu wanarudi wiki ijayo kuuza? Mmoja alimpiga mama yangu akininyoosha tai mlangoni. Nilimlipa shilingi 50 nikilalamika kwamba ni ghali. Mama alilala katika Bwana 2011. Picha hiyo iko sebuleni kwetu. Watoto wangu hawakumwona nyanya yao katika siku nyingine yoyote ya furaha ya baba yao ila hiyo. Keki ya ngazi nne hakuna anayeikumbuka. Mimi mwenyewe siikumbuki ladha yake.

Sasa turudi kwa hawa vijana wa mwaka jana. Walikuja kwenye mafundisho ya ndoa wamebeba karatasi. Bajeti yao yote ilikuwa shilingi 250,000, na mpiga picha aliwapa bei ya 120,000. Yule kaka alikuwa ameshajaza fomu ya mkopo wa Sacco, shilingi 80,000. Dada alikuwa na wazo lingine: "Pasta, kuna binamu yangu ana simu nzuri sana." Nikacheka kwa uchungu, nikawasimulia habari ya Kitale. Kisha nikachukua kalamu. Bwana Yesu, katika Luka 14, anauliza kama kuna anayeanza mnara bila kupiga hesabu kwanza. Tukapiga hesabu.

Nikawaomba wanisomee ile 120,000 inanunua nini, kitu kimoja kimoja. Picha za siku yenyewe, wapiga picha wawili kwa saa 10, ni 60,000. Video 30,000. Droni 10,000. Picha za kabla ya harusi bustanini 10,000. Albamu na fremu 10,000.

Unaona? Nusu ya pesa haikuwa ya picha za harusi. Mpendwa, kabla hujamwambia mtu apunguze bei, jua unanunua nini. Wengi tunaomba punguzo kwa kazi, huku tukiacha mapambo yakae.

Tulianza na droni. Ndege hizo ndogo zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na hazirushwi kiholela. Nikawauliza, mnataka kuona paa la kanisa letu mkiwa angani? Wakacheka. Droni ikaondoka.

Picha za kabla ya harusi, wakiwa wamevaa nguo zinazofanana na kushikana mikono kati ya miti, nazo zikaondoka. Si dhambi kuzipiga. Lakini zinahitaji nguo, usafiri, na bustani nyingi hutoza ada ya kupiga picha juu ya ile ya kuingia. Kwa bango la mwaliko, picha moja nzuri ya simu, mkisimama kivulini asubuhi, inatosha.

Video: kanisa letu hurusha ibada mtandaoni kila Jumapili. Kamera ipo, sauti inatoka moja kwa moja kwenye mitambo. Ibada ya ndoa ingerekodiwa na timu yetu kwa mchango mdogo wa usafiri na chakula chao. Kama kanisa lako lina huduma hiyo, uliza kabla hujalipa mtu mwingine.

Albamu wakaamua waisubiri. Picha zikishapatikana, albamu unaweza kutengeneza hata mwaka mmoja baadaye. Kitu usichoweza kufanya mwaka mmoja baadaye ni kumrudisha babu yako aketi kwenye kiti cha mbele.

Zikabaki picha za siku yenyewe. Hapo niliwaambia, hapa ndipo msipopunguza mtu, punguzeni saa. Wageni wao walikuwa 80, na kwa idadi hiyo mpiga picha mmoja mzuri mwenye msaidizi anatosha. Hawakuhitaji apige chumba cha kusukia nywele tangu alfajiri, wala watu wakicheza usiku. Kuanzia bi harusi kuvaa hadi keki kukatwa ni saa 7, kama mkifika kwa wakati. Kumbuka hilo la wakati. Nimefungisha harusi ambapo bi harusi alikuja saa mbili baada ya muda, na mpiga picha wa saa 8 aliketi chini ya mwembe akila njugu. Saa hizo mbili zililipiwa. Kuchelewa ni ubadhirifu, hata kama tumezoea kukuita mtindo wa Kiafrika.

Wakahamisha pia siku. Walitaka Jumamosi ya Desemba, siku ambayo kila mpiga picha mzuri Nairobi anagombaniwa. Wakachagua Ijumaa ya Juni. Wajomba walinung'unika kidogo kuhusu siku ya kazi. Lakini ukumbi ulishuka bei, gari lilishuka bei, na wapiga picha watatu waliowaandikia wote walikuwa na nafasi. Tena Juni Nairobi huwa na mawingu, na wingu ni rafiki wa picha: linalainisha mwanga, nyuso hazipati vivuli vyeusi chini ya macho. Mmoja kati ya hao watatu aliwapa 40,000 kwa saa 7. Kutoka 120,000 hadi 40,000. Ule mkopo wa 80,000 hakuuchukua. Walianza ndoa bila deni, na nakuambia kama mchungaji ambaye husikiliza wanandoa kila Alhamisi, hiyo ni zawadi kuliko droni.

Sasa utauliza, walijuaje kwamba wa 40,000 si kama rafiki yangu wa Kitale? Waliuliza maswali. Nakuandikia ili uyahifadhi.

Moja, mwambie akuonyeshe harusi moja nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Zile picha 10 bora za Instagram hazitoshi. Kila mtu ana picha 10 bora. Unataka kuona alifanya nini saa saba mchana jua likiwa utosini, na alifanya nini ndani ya kanisa lenye giza.

Mbili, muulize, "Ni wewe utakayekuja?" Wapo wanaouza kwa jina lao na kumtuma mwingine. Liandikwe.

Tatu, muulize kamera ikiharibika atafanyaje, na kama kamera yake huandika picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, nyingine inabaki. Mimi ningelipa mara mbili kwa jambo hilo peke yake, na mnajua kwa nini.

Nne, mwe na mkataba, hata ukurasa mmoja. Saa ngapi, picha ngapi zilizosafishwa, zitatoka lini, malipo ya kwanza kiasi gani, salio lini. Ndiyo yetu iwe ndiyo, lakini iandikwe. Watakatifu nao husahau.

Siku yenyewe ilipofika, sisi kama kanisa tulifanya sehemu yetu, na hapa nawasema wachungaji wenzangu. Tunapenda taa za rangi madhabahuni. Zambarau, kijani, nyekundu. Kwa sifa zinapendeza, lakini kwa picha za ndoa humfanya bi harusi aonekane mgonjwa, na rangi hiyo haitoki hata ukiisafisha. Niliwaambia vijana wa mitambo wazime zote wakati wa viapo, wawashe taa nyeupe, wafungue mapazia ya upande mmoja. Haikugharimu shilingi hata moja.

Kisha nikawaomba wageni waketi na waweke simu chini hadi maombi yaishe. Nilisema kwa upole: wapendwa, tumemlipa mtu wa kupiga picha, tusimlipe atupigie migongo na simu zenu. Shangazi mmoja hakupendezwa, lakini alitii. Ukiiangalia albamu ile, wakati wa pete unaona nyuso zinazotazama. Mama wa bwana harusi amefunika mdomo kwa leso. Kama angekuwa ameshika simu, tusingeuona mkono huo.

Picha za familia ndizo hula muda. Watu hutawanyika, mjomba ameenda kuzungumza na simu, watoto wanataka soda. Tuliandika orodha mapema: makundi 12, hakuna zaidi. Ndiyo, 12 kama yale mawe, na nilifanya makusudi. Upande wa bi harusi tukamchagua shangazi mwenye sauti, upande wa bwana harusi kaka mkubwa. Kazi yao ilikuwa kuita majina tu. Dakika 40 tukamaliza. Na kundi la kwanza kwenye orodha lilikuwa wazee. Wazee hawapaswi kusubiri wakiwa wamesimama, na pia wao ndio hatujui kama tutakuwa nao harusi ijayo.

Kwa picha za wao wawili tuliacha nusu saa kuanzia saa kumi na moja jioni. Hapa kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hivyo mwanga mzuri unajulikana uko wapi. Walipigia nyuma ya kanisa, kando ya ukuta wa mawe ambapo huwa tunaegesha pikipiki. Ukiona picha hizo utadhani ni hotelini. Kumbe ni mwanga.

Na baadaye, usiombe picha kwa WhatsApp tu. Picha ikipita huko kama picha hupunguzwa ukubwa, ukija kuichapisha inatoka na ukungu. Omba ziwekwe kwenye flashi au mtandaoni upakue zenyewe kamili. Ziweke mahali pawili, na moja ya mahali hapo pasiwe nyumbani kwako. Kisha chapisha chache. Simu huibwa, simu huanguka majini.

Sasa naja kwenye sehemu niliyotamani kuiruka.

Kuna njia moja ya kuokoa pesa za picha ambayo Mungu haitaki, na mimi nimeitumia. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana katika timu ya mitambo, ana kipawa kweli. Alinunua kamera kwa mkopo wa chama. Kila wachumba wakija wamekwama, nilikuwa nasema, "Nitazungumza na kijana wangu, atawasaidia." Naye hangeweza kumkatalia mchungaji wake. Nilimtuma kwenye harusi nne. Alipanda matatu kwa nauli yake, akasimama mchana kutwa, akakesha usiku mwingi akisafisha picha. Tulimpa chakula na maombi.

Kisha akaacha kuja kanisani. Nilipomtembelea, nikamuuliza kamera iko wapi. Aliiuza kulipa kodi. Akaniambia bila hasira, "Pasta, kila aliyeniita aliniambia Mungu atanilipa. Mwenye nyumba alikataa kungoja."

Wapendwa, nimehubiri Yakobo 5 mara nyingi, juu ya ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa unaomlilia Bwana wa majeshi. Siku zote nilikuwa nawafikiria matajiri wenye mashamba. Sikujua mahubiri hayo yana jina langu. Tuliketi tukahesabu zile harusi nne. Zakayo alirudisha mara nne. Mimi sijafika huko. Nimemlipa nusu, nusu nyingine naendelea kulipa kila mwezi. Sasa anauza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Amenisamehe kwa kinywa chake. Kamera hajanunua nyingine, na kila nikifungisha ndoa namwona pale nyuma mahali alipokuwa akisimama.

Kwa hiyo elewa ninachokuambia. Kubana matumizi si kumbana mtu. Ondoa droni, ondoa saa, ondoa Jumamosi ya Desemba, ondoa keki ya ngazi tatu za juu. Ukishaondoa, kile kilichobaki kilipe chote, na salio ulitume M-Pesa kabla hujaenda fungate. Kama mtu wa kanisani kwako anataka kukupa kazi yake kama zawadi, na ni yeye aliyesema kwanza, pokea kwa shukrani. Lakini usimtume mchungaji kumwombea bei. Kwangu usije tena na ombi hilo. Mlango huo nimeufunga.

Fikiria harusi ya Kana. Hatujui bi harusi alivaa nini, hatujui hata jina lake. Tunajua nani alialikwa, na tunajua kwamba watumishi waliojaza maji ndio waliojua divai imetoka wapi. Mkumbuke na huyo mtumishi wako aliyebeba kamera.

Siku moja mtoto atafungua albamu yako aulize, "Huyu ni nani?" Hutamjibu kwa bei uliyolipa. Utamwambia, huyu ni nyanya yako, hapa alikuwa anamnyoosha baba yako tai.

Tuombe.

Baba, tunawaleta mbele zako wote wanaopanga ndoa mwaka huu. Wape hekima ya kuhesabu na ujasiri wa kuacha wasichokihitaji. Waepushe na madeni ya siku moja yanayolipwa miaka mitatu. Wakumbuke wanaofanya kazi kwa mikono na macho yao, wapate haki yao kwa wakati. Na sisi tuliokosea hapa, tupe neema ya kurudisha. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie ujumbe huu mwenyekiti wa kamati yenu kabla ya mkutano wa Jumapili. Tuonane kwenye ibada, na tufike kwa wakati.